Walioenda Nyumbani

Siku ambayo mstari wa Kibera ulikuwa uonyeshwe wakubwa, Nereah Ogola alifika ofisini Kawangware kabla mlinzi hajamaliza chai yake. Usingizi ulikuwa umempiga chenga usiku kucha. Alifungua kompyuta, akaileta mistari yake miwili kwenye kioo, akaitazama kama mama anavyotazama watoto aliowavalisha sare mpya. Mwekundu ulikuwa wa Kawangware. Wa bluu ulikuwa wa Kibera, na huo ndio uliokuwa umemletea sifa.

Usichoke na mistari mapema, maana jambo lenyewe ni rahisi, ila wasomi hupenda kulifunga kwa kamba nyingi. Kifo hakiji ovyo kama tunavyodhani. Mtu akishavuka miaka thelathini hivi, hatari yake ya kufa huanza kupanda, na hupanda kwa mwendo ule ule mwaka nenda mwaka rudi, hadi inakuwa maradufu, kisha maradufu tena. Ukikusanya vifo vya watu wengi, ukavipanga kwa umri na kuvichora jinsi watakwimu wanavyochora, unapata mstari unaopanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ngazi ikisimama wima, watu wa hapo wanazeeka haraka. Ikilala, wanazeeka polepole. Huna haja ya kumpima mtu damu wala kumhesabu mvi. Waliokufa wanatosha kukueleza walio hai wanachakaa kwa kasi gani.

Sasa ngazi ya Kawangware ilikuwa imesimama. Ya Kibera ilipanda nayo bega kwa bega mpaka miaka ya hamsini na kitu, halafu ikalala chali. Kwa mujibu wake, wazee wa vijiji vya Kibera kama Lindi, Mashimoni na Soweto West, watu walionunua maji kwa mtungi na kupumua moshi wa jiko la mkaa maisha yao yote, walikuwa wakizeeka polepole kuliko wenzao wa Kawangware. Dkt. Gathogo, mkuu wa utafiti, alipouona mstari huo mara ya kwanza alipiga meza kofi.

"Nereah, hii kitu ni kubwa," alisema. "Watu wa majuu watakuja kuisoma hapa kwetu."

Naye Nereah alijivuna. Alizaliwa Lindi, akasomeshwa kwa vitanda ambavyo baba yake aliviranda na kuvipigilia misumari kando ya njia, na hakuwahi kuona grafu hata moja inayosema jambo jema kuhusu kwao. Hii ilisema. Nani asingejivuna?

Mkutano ulikuwa baada ya chakula cha mchana, katika ukumbi wa kanisa mkabala na ofisi. Wafadhili walikuwa na kliniki moja ya wazee, pale Lindi, na uwezo wa kuendesha hiyo moja tu. Walitaka kujua wazee wanachakaa haraka wapi ili kliniki iwe huko. Rasimu ya grafu walikuwa wameshapelekewa, na Nereah hakuuliza waliifanyia nini. Mambo ya wafadhili ni ya wafadhili, ndivyo Gathogo alivyowafundisha.

Alikuwa akirekebisha rangi ya herufi simu ilipolia.

"Nereah? Ni Celine, huku Lindi." Celine alikuwa jirani wa baba yake, muuza mandazi, na sauti yake ilikuwa juu juu. "Aki skiza. Mzee ameenda nyumbani."

"Ameenda nyumbani aje?"

Simu ikakatika. Alipiga, akaambiwa mteja hapatikani. Akapiga ya baba yake, ikawa imezimwa. Akapiga ya Celine tena, na tena.

Kwenda nyumbani, kwa watu wa Lindi, kuna maana mbili, na mtu wa nje hawezi kuzitenganisha. Kuna nyumbani kwa Bondo, kwa Kitui, kwa Machakos, kule ambako kila mpangaji ana boma hata kama nyasi zimelimeza. Na kuna nyumbani ambako Bwana humwita mtu, kule kunakoandikwa kwenye matangazo ya mazishi chini ya picha. Mzee mwenye heshima zake hasemwi kwamba amekufa. Neno hilo ni zito mdomoni, lina ubaridi, husemwa kuhusu mbwa na kuku. Mzee huenda nyumbani. Nereah mwenyewe, mama yake Akeyo alipofariki, hakuwaambia watu wa ofisini kwa neno lingine.

Alishuka ngazi mbili mbili. Gathogo alikuwa akipanda, tai shingoni, bahasha kwapani.

"Wapi sasa? Leo?"

"Ni baba yangu."

Gathogo aliutazama uso wake, akajibanza ukutani kumpisha. "Enda. Lakini, Nereah, wewe ndiye unaujua huo mstari. Kabla ya mkutano uwe hapa."

Alipanda bodaboda akamwambia dereva Lindi, haraka. Njia nzima alikuwa akisali sala fupi isiyokuwa na adabu: Mungu, iwe Bondo. Iwe Bondo tu. Walipokata Ngong Road alijikuta anamwazia baba yake amelala kwenye mbao zake, randa bado mkononi, na ilibidi afumbe macho.

Alipofika Lindi aliiacha pikipiki barabarani, akakimbia kwa miguu vichochoroni, akiruka mitaro. Alipokunja kona ya mwisho alisimama ghafla. Mlangoni pa baba yake hapakuwa na viti. Hapakuwa na wanawake walioketi chini, wala turubai, wala mtu anayeimba. Kulikuwa na kufuli. Nyumba yenye msiba haifungwi kufuli. Alishika ukuta wa mabati, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Ng'ambo ya njia Celine alikuwa kwenye karai lake la mandazi, na mbele yake alisimama Khamala. Khamala alikuwa mkusanyaji wa takwimu wa mradi ule ule wa Nereah, mwanaume wa makamo aliyekuwa akizunguka nyumba hadi nyumba miaka minane sasa, kofia kichwani na kompyuta ndogo ya mkononi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya njia ile. Walikuwa hawajamwona Nereah.

"Na huyu mzee wa mbao?" Khamala aliuliza.

"Ameenda nyumbani," Celine akasema, akigeuza andazi.

"Haya." Khamala akagusa kioo kwa kidole, mara moja, akaanza kuelekea mlango unaofuata.

Nereah alikuwa ameziona takwimu hizo kwa maelfu, safi, zimepangwa kwa safu. Hakuwahi kuiona moja ikizaliwa. Alivuka njia akamshika Khamala mkono.

"Umeandika nini hapo?"

"Sasa, madam! Hata sikujua ni wewe." Khamala alishtuka. "Nimeandika amehama. Si ameenda ushago, kwao Bondo?"

"Na akifia huko?"

"Hiyo haitufikii. Mtu akihama, jina linafungwa. Mimi siwezi mfuata mpaka Bondo, madam, hata pikipiki hamnipatii."

"Na mtu akikwambia mzee ameenda nyumbani, na alimaanisha amekufa?"

Khamala alivua kofia akajikuna. "Kuna wakati najua, nikiona vile watu wamekaa. Kuna wakati sijui. Lakini hebu sema ukweli. Mama wa watu amekwambia bwanake ameenda nyumbani, na wewe unasimama hapo unamuuliza, nyumbani gani? Hiyo ni matusi. Utamwagiwa maji ya moto."

"Wazee wangapi umewaandika hivyo?"

"Wengi. Karibu wote, nikisema ukweli. Mzee akianza kuwa mgonjwa, si anapelekwa kwao angali anatembea? Muli wa Mashimoni alipelekwa Kitui na mke wake Syombua, Syombua akarudi peke yake. Nani anataka kufia nyumba ya kukodi?"

Hakukuwa na jambo jipya katika maneno hayo, na hilo ndilo lililomchoma Nereah. Alijua. Alilijua kabla ya kujua kusoma. Kusafirisha maiti kutoka Nairobi ni mchango wa harambee. Mgonjwa ni nauli tu. Mama yake aliondoka mlango huu huu akiwa ameegemea bega la baba, akafa Bondo kabla mahindi hayajavunwa, na mahali fulani katika safu zile safi Akeyo alikuwa ameandikwa amehama, akiwa hai, mzima, umri umekomea siku aliyofunga mzigo. Mama yake alikuwa ndani ya mstari wa bluu. Alikuwa ameulaza kwa uzito wake mwenyewe.

Na Kawangware? Kawangware mradi ulikuwa umewaandikisha wenyeji wengi, watu wa Dagoretti wenye vipande vyao vya ardhi tangu enzi za babu zao. Hao walifia vitandani mwao na kuzikwa nyuma ya nyumba, na kila mmoja aliandikwa. Ndiyo maana ngazi yao ilisimama.

"Celine," alisema. "Baba ameenda lini?"

"Asubuhi hii. Nilikupigia na simu ikazima, stima imepotea tangu jana." Celine alijifuta mikono kwa leso. "Miguu imemfura, Nereah. Hukuona? Kifua nayo usiku inamnyima usingizi. Tangu dawa ikatwe pale kliniki."

"Ikatwe na nani? Aliniambia anameza kila siku!"

"Angekwambia nini, na wewe uko na kazi? Nesi Nasike wa kliniki alituambia dawa imesimamishwa mpaka watu wakubwa wakae. Eti kuna ripoti. Eti wazee wa Kibera wako fiti, wagonjwa ni wa Kawangware." Celine alicheka bila furaha. "Mzee alisema kama ni hivyo, heri aende kwao angali na miguu. Ameenda kushika gari ya Bondo huko kwenu Kawangware. Alinikataza nikuambie, eti asikusumbue kazini."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema chochote kuhusu binti anayechora mstari unaomnyang'anya baba yake dawa. Hasira zilimjaa Nereah na hakuwa na wa kumpiga. Aligeuka akarudi mbio alikotoka.

Ofisi ya mabasi ya Bondo ilikuwa karibu na soko la Kawangware, kibanda cha mabati chenye benchi nje. Mzee Ogola alikuwa ameketi mwisho wa benchi, koti la mazishi ya mkewe mwilini, mkoba miguuni. Viatu alikuwa amevifungua kamba, maana miguu haikuenea tena. Alipomwona binti yake alitazama pembeni kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Celine ako na mdomo," alisema.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Nyara, binti yangu, kaa chini. Unahema kama umekimbizwa na polisi."

Hakuketi. Alivuka barabara akaingia duka la dawa, akanunua zile tembe zote alizozijua kwa majina, akarudi akamwekea mkononi. Mzee alizitazama, akamshukuru kwa upole, akazitia mfukoni bila kufungua.

"Shida si tembe peke yake," alisema. "Nasike alikuwa ananiskiza roho kila wiki. Anajua vile inapiga. Akiona imebadilika, anabadilisha dawa. Sasa hata yeye wamemwambia afunge mlango. Nianze na daktari mgeni, nipange laini na watoto, nife kwa laini?"

"Twende kwangu basi. Nitakupeleka hospitali kesho asubuhi."

"Nilale kwa nyumba yako na bwanako? Mzee halali kwa msichana wake ameolewa. Unataka watu wa Bondo waseme Ogola alisahau kwao?" Alitikisa kichwa. "Kliniki ingekuwa Lindi, mimi ningekaa Lindi. Nina kazi za watu pale, kitanda cha mteja wangu Gathoni sijamaliza hata miguu."

Nereah aliinama mbele yake, akaanza kumfunga kamba za viatu, kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini kingine. "Mambo ya kliniki yanaamuliwa leo. Hapo ng'ambo kanisani, saa hii. Nikija nikuambie inabaki, utarudi?"

"Nani anaamua?"

"Wanasikiza mimi."

Mzee Ogola alimwangalia. Kulikuwa na fahari katika macho yake, na ilimuumiza Nereah kuiona. "Gari inatoka jioni," alisema. "Nitangoja. Wakikubali, nitarudi na wewe, nimalize hicho kitanda."

Gathogo alikuwa akizunguka mlangoni mwa ukumbi kama kuku anayetaka kutaga. Nereah alimvuta kando akamweleza yote kwa pumzi moja: Khamala, kidole, nyumbani, amehama. Aliona rangi ikimtoka mkubwa wake polepole. Gathogo hakuwa mjinga. Alielewa kabla sentensi hazijaisha.

"Tuandike maelezo chini ya ukurasa," alisema. "Kila takwimu ina makosa, Nereah. Wapewe matokeo leo, sisi tusafishe baadaye."

"Baadaye kliniki itakuwa imehamishwa."

"Na ukiubomoa huo mstari leo, mradi unakufa. Khamala hana kazi. Wenzako wale wanane hawana kazi. Umefikiria hilo?" Hakuwa anafoka. Alikuwa anaomba, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

Waliitwa ndani.

Mwakilishi wa wafadhili aliitwa Yvonne, mwanamke wa rika lake, mwenye sauti ya upole na kalamu isiyotulia. Nyuma yake walikaa maafisa wa afya na wazee wachache wa kanisa. Mistari miwili iliwaka ukutani, mikubwa kuliko alivyowahi kuiona, na watu wakanong'ona kwa kuridhika.

"Mstari huu wa bluu si wa kweli," Nereah alisema, "na mimi ndiye niliyeuchora."

Gathogo alifunika macho kwa mkono.

Aliwaeleza. Kwamba mgonjwa wa Kibera huondoka akiwa hai, akafia kwao, na mradi humhesabu kuwa aliishi salama mpaka siku aliyofunga mlango. Kwamba wanaobaki mtaani wakiwa na miaka sabini ni wale wenye nguvu, kwa kuwa wanyonge wameshapandishwa gari. Kwamba Kawangware wamewaandika wenyeji wa Dagoretti, na mwenyeji hufia kwake. "Hatukupima watu wanazeeka kwa kasi gani," alisema. "Tulipima nani ana shamba la kuzikwa karibu. Tena wengine walikufa pale pale Kibera, na tukawaandika wamehama, kwa sababu tulikuwa na aibu ya kuuliza."

Yvonne alikuwa ameacha kuandika. "Kwa hiyo ni kinyume," alisema. "Unatuambia Kibera ndiko wazee wanachakaa haraka zaidi?"

Hapo ndipo palipokuwa na kisu. Jibu lilikuwa la neno moja. Akisema ndiyo, kliniki inabaki Lindi, Nasike anafungua mlango wake, na mwanaume mmoja anainuka kwenye benchi na kurudi kumalizia kitanda. Neno lilimfikia kwenye meno. Alikuwa na hakika moyoni mwake, lakini moyo wake ulikuwa umeketi nje na miguu iliyofura, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameona kinachotokea mtu anapobonyeza jibu asilolijua.

"Nadhani hivyo," alisema. "Lakini sijui. Hakuna anayejua. Itabidi tuwatafute wote waliohama, tuulize upya."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi."

Yvonne alivuta pumzi ndefu. "Basi leo hatuwezi kuamua chochote. Kliniki isihamishwe, wala isifunguliwe. Dawa zibaki stoo mpaka tupate takwimu safi."

"Zirudi Lindi wakati tunangoja!" Nereah alipaza sauti hata mzee mmoja wa kanisa akaruka. "Zilikuwa Lindi tangu mwanzo. Zilitolewa kwa sababu ya huu mstari, na mstari ni uongo. Kuna watu wanakata tiketi saa hii tunavyoongea."

"Nimekusikia," Yvonne alisema, na alionekana kweli amesikia. "Nitawaandikia wakubwa wangu. Lakini mimi siwezi kuwajibia."

Basi lilikuwa limewashwa injini alipofika. Makuli walikuwa wakifunga magunia juu, na Mzee Ogola alisimama karibu na mlango, tiketi mkononi, akiangalia upande wa kanisa. Nereah angeweza kumdanganya. Ni baba yake, na njia ya Lindi ilikuwa wazi.

"Wamesemaje?" mzee akauliza.

"Wamesema tungoje."

Mzee Ogola alicheka kidogo, akakohoa, akashika mlango wa basi. "Hiyo nimeskia tangu nije Nairobi," alisema. "Uliwaambia ukweli?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi ni sawa." Alimgusa kichwani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Nereah avunje ungo. "Kwa hiyo mashini yenu, mimi niko wapi sasa?"

"Umeandikwa umehama."

"Si ni kweli? Nimehama." Akapanda, polepole, akipumzika kila ngazi. Nereah alisimama pale hadi moshi wa basi ulipotawanyika, akalia waziwazi mbele ya makuli na wauza njugu, na hakujali nani anamtazama.

Wiki zilizofuata alifanya kazi kama aliyepagawa. Kila Ijumaa jioni alisafiri Bondo, na kila Jumatatu alikuwa mezani. Yeye ndiye aliyeandika swali jipya, na yeye ndiye aliyewakalisha wakusanyaji darasani kulifundisha. Wote walioandikwa wamehama wangeulizwa upya, mlango hadi mlango. Mtu akijibu kwamba mzee ameenda nyumbani, mkusanyaji asikisie. Aulize, kwa sauti ya chini: nyumbani gani? Kisha anyamaze, angoje jibu. Wakusanyaji walilalamika, wakasema watapigwa, wakasema ni ukosefu wa adabu. Nereah aliwaambia ni kweli ni ukosefu wa adabu, na waulize hivyo hivyo.

Mstari wa bluu ulianza kuinuka. Majina yalipoingia moja moja, ngazi ilisimama, ikaipita ile nyekundu. Dawa zilirudi Lindi mwezi wa nne, na Nasike akafungua mlango wake. Mzee Ogola walikuwa wamemzika mwezi wa pili, kando ya Akeyo, akiwa amevaa lile koti.

Mwenye nyumba wa Lindi alipochoka kungoja, Nereah alijipa kazi ya kuhamisha vitu vya baba yake. Alikuwa akizibeba mbao nje, na miguu ya kitanda isiyokuwa na kitanda, Khamala alipotokea kichochoroni na kompyuta yake. Khamala alikuwa amekuja kwenye maombolezo, akaketi na Celine mpaka watu wakatawanyika. Aliziona mbao, akasita, akawa kama anataka kurudi.

"Endelea," Nereah alisema. "Ni zamu ya njia hii."

Khamala alivua kofia. Aliangalia kioo badala ya kumwangalia yeye. "Mzee Ogola," alisema. "Hapa inasema alihama."

Nereah alifungua mdomo, na jibu likatoka lenyewe, lile lile ambalo mtaa mzima ungelitoa. "Ameenda nyumbani."

Kidole cha Khamala kilisimama hewani. Angeweza kubonyeza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa amefundishwa, na alijua nani alimfundisha.

"Nyumbani gani, madam?" aliuliza, kwa sauti ya chini. Kisha akanyamaza, akangoja.

Ng'ambo ya njia Celine aliacha kugeuza mandazi. Nereah alielewa sasa kwa nini watu walitaka kummwagia mtu maji ya moto. Alikishika kipande cha mbao kwa mikono yote miwili. Miezi miwili alikuwa amelizunguka neno lile, kwenye simu, kwenye tangazo la mazishi, hata kaburini.

"Amekufa," alisema. "Andika amekufa."

Khamala akaandika. Halafu, kwa sababu ndilo swali lililofuata, akamwuliza alikuwa na miaka mingapi.